Saa ya Kujifunza: Mafunzo ya Wahudumu wa Wazee Wenye Demensia nchini Uingereza

Mafunzo ya kidijitali, yaani mafunzo yanayotolewa kwa kompyuta, kishikwambi au simu badala ya darasa lenye mwalimu, yamekuwa njia ya kawaida ya kuwaandaa watu wanaofanya kazi katika makao ya wazee nchini Uingereza, na kwa kuwa takribani wakazi 7 kati ya kila 10 wa makao hayo wana demensia au upungufu mkubwa wa kumbukumbu, sehemu kubwa ya mafunzo hayo huhusu demensia kwa namna moja au nyingine. Demensia si ugonjwa mmoja bali ni jina la jumla la hali ambayo kumbukumbu, lugha, uamuzi na uwezo wa kujihudumia hupungua hatua kwa hatua kwa sababu ya maradhi ya ubongo, na yanayojulikana zaidi kati ya maradhi hayo ni Alzheimer na yale yanayotokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo. Historia ya mafunzo haya huelekea kusimuliwa kama historia ya vifaa: kitabu kikaifuata sauti ya mwalimu, kanda ya video ikakifuata kitabu, na intaneti ikavipita vyote. Makala haya yanaifuata njia nyingine, kwa sababu katika kila kipindi swali lililoamua nani angefundishwa na angefundishwa nini halikuwa la kifaa hata kidogo. Lilikuwa swali la saa, yaani ni nani atakayemtoa mhudumu kazini kwa saa moja ili ajifunze, na ni nani atakayeilipia saa hiyo.

Chanzo cha makao ya wazee ya Uingereza kimo katika Sheria ya Maskini, ambayo ilikusanywa rasmi mwaka 1601 chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza na kufanywa kali zaidi kwa marekebisho ya mwaka 1834. Marekebisho hayo yaliifanya nyumba ya kazi kuwa mlango mkuu wa msaada: maskini aliyehitaji chakula na malazi alitakiwa kuingia ndani ya jengo hilo, kuvaa sare, kutenganishwa na mwenzi wake wa ndoa na kufanya kazi aliyopangiwa. Watungaji wa sheria walikuwa wakiwafikiria watu wenye nguvu ambao, kwa maoni yao, walikuwa wakikwepa kazi, lakini kadiri miongo ilivyopita waliozijaza nyumba hizo walikuwa wazee, wagonjwa na watu wasio na ndugu wa kuwatunza. Mzee aliyepoteza kumbukumbu hakuwa na jina lake mwenyewe katika daftari za nyumba ya kazi, kwani aliandikwa pamoja na watu waliozaliwa na ulemavu wa akili chini ya neno moja la kuwadunisha, na baada ya sheria ya mwaka 1867 iliyohusu maskini wa London wengi wa watu hao walihamishiwa katika hospitali mbili kubwa za Leavesden na Caterham, zilizofunguliwa mwaka 1870 nje ya jiji.

Waliowahudumia wazee hao ndani ya nyumba za kazi kwa muda mrefu walikuwa maskini wenzao. Mwanamke aliyekuwa na nguvu kidogo kuliko wengine aliwekwa kuwa muuguzi wa wodi, hakupewa mshahara wala mafunzo, na malipo yake yalikuwa nyongeza ya chakula, chai au bia. Louisa Twining, aliyeanzisha chama cha kuzitembelea nyumba za kazi mwaka 1858, aliifanya hali hiyo ijulikane kwa umma, na mwaka 1865 jarida la kitabibu la Lancet likatuma madaktari kuzikagua wodi za wagonjwa katika nyumba za kazi za London na kuchapisha waliyoyaona. Mwaka huohuo, mjini Liverpool, mfanyabiashara William Rathbone alitoa fedha zake ili wauguzi waliofunzwa waletwe katika nyumba kubwa ya kazi ya Brownlow Hill, na Agnes Jones, aliyepata mafunzo katika shule ya Florence Nightingale, akaongoza kundi la wauguzi 12 waliofunzwa kama yeye. Jones alifariki mwaka 1868 kwa homa ya chawa akiwa bado kazini, na ilichukua karibu miaka 30 mingine kabla ya amri ya serikali ya mwaka 1897 kukataza kumtumia maskini wa nyumba ya kazi kuwa muuguzi.

Tukio la Liverpool hutajwa kwa haki kuwa mwanzo wa uuguzi wenye mafunzo katika nyumba za kazi, lakini lilikuwa na mpaka ambao hauangaliwi sana. Wauguzi wa Jones waliletwa kwa ajili ya wagonjwa, na mzee aliyezurura ukumbini akimwita mama yake aliyefariki miaka 50 iliyopita hakuhesabiwa kuwa mgonjwa, alihesabiwa kuwa mzee tu, na uzee haukuonekana kuwa jambo ambalo mtu angeweza kufundishwa namna ya kulihudumia. Kwa hiyo palianza mgawanyiko uliodumu kwa karne nzima: upande mmoja uuguzi wenye shule, mitihani na heshima, na upande wa pili kazi ya kulisha, kuosha, kuvisha na kumtuliza mtu aliyechanganyikiwa, iliyodhaniwa kuwa kila mwanamke huijua kwa kuzaliwa.

Sayansi yenyewe iliuimarisha mgawanyiko huo bila kukusudia. Novemba 1906, mjini Tübingen, daktari Alois Alzheimer aliwaeleza madaktari wenzake wa Ujerumani habari za mwanamke aliyelazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na umri wa miaka 51, ambaye baada ya kufa kwake ubongo wake ulionekana kwa darubini kuwa na madoa na nyuzi zilizojisokota, na mwaka 1910 Emil Kraepelin akaliingiza jina la Alzheimer katika kitabu chake cha tiba ya magonjwa ya akili. Kwa kuwa mgonjwa huyo hakuwa mzee, ugonjwa mpya ulieleweka kuwa adimu na wa watu wa umri wa kati, huku usahaulifu wa watu wa miaka 80 ukiendelea kuitwa uzee. Ilikuwa hadi mwaka 1968, pale Garry Blessed, Bernard Tomlinson na Martin Roth wa Newcastle walipoonyesha kwamba wingi wa madoa yaleyale katika ubongo wa wazee ulilingana na ukali wa hali yao walipokuwa hai, na kisha mwaka 1976, pale Robert Katzman wa Marekani alipoandika kwamba mpaka wa umri hauna msingi, ndipo wazee walipoanza kutambuliwa kuwa na ugonjwa. Matokeo ya jambo hili kwa mafunzo yalikuwa makubwa, kwa sababu pasipo ugonjwa hapakuwa na somo, na pasipo somo hapakuwa na sababu ya mwajiri kutoa saa hata moja.

Wapo waliotangulia wakati wao. Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, magharibi mwa London, ilikabidhiwa nyumba ya kazi ya jirani pamoja na vitanda vyake zaidi ya 700, na daktari Marjory Warren alipowachunguza mmoja mmoja wazee waliokuwa wamelala humo aligundua kwamba wengi walikuwa wamelazwa kitandani miaka mingi bila sababu ya kitabibu, akawapanga upya, akawatibu, na baadhi yao wakarudi nyumbani. Hata hivyo, sheria ya mwaka 1948 iliyofuta masalia ya Sheria ya Maskini ndiyo iliyoyapa makao ya wazee sura yake ya sasa, kwa kuzitaka serikali za mitaa ziwape malazi watu waliohitaji matunzo kwa sababu ya umri au udhaifu. Waziri Aneurin Bevan aliahidi nyumba ndogo ambamo mkazi angekuwa kama mgeni wa hoteli, si mfungwa wa msaada. Ahadi hiyo ilikuwa njema, lakini fedha hazikufuata, na mwanasosholojia Peter Townsend alipozitembelea taasisi 173 za Uingereza na Wales kwa ajili ya kitabu chake kilichotoka mwaka 1962 aliyakuta majengo ya nyumba za kazi za zamani bado yakiwa na maelfu ya wazee, vitanda vikiwa vimepangwa safu kwa safu, na watumishi wachache wakikimbizana na saa. Miaka 5 baadaye kamati iliyoongozwa na Lady Williams ilichapisha taarifa kuhusu watumishi wa makao ya aina zote na kueleza kwamba wengi wao hawakuwa wamepata mafunzo yoyote ya kazi yao, ikapendekeza kozi ya miaka 2. Pendekezo hilo halikutekelezwa kwa kiwango kilichokusudiwa.

Katika miaka ya 1980 mambo yaligeuka kwa sababu iliyotoka nje ya makao yenyewe. Mfuko wa serikali wa msaada kwa wenye kipato kidogo uliruhusiwa kulipia ada za makao ya binafsi bila kwanza kupima iwapo mzee alihitaji kweli kuishi humo, na malipo hayo yalipanda kutoka takribani pauni milioni 10 mwaka 1979 hadi karibu pauni bilioni 1 muongo mmoja baadaye. Nyumba za familia, mahoteli madogo ya pwani na majumba ya zamani yaligeuzwa kuwa makao ya wazee kwa kasi ambayo hakuna chuo kingeweza kuifuata. Sheria ya mwaka 1990, iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka 1993, ilizirudishia serikali za mitaa kazi ya kupima mahitaji na kununua huduma, lakini ilizifanya zinunue kwa bei ya chini kadiri zilivyoweza. Tangu hapo saa ya kujifunza ikawa na bei inayoonekana kwenye hesabu za mwenye makao: mhudumu aliyekaa darasani alipaswa kulipwa, na aliyeshika nafasi yake alipaswa kulipwa pia, huku ada ya mkazi ikibaki ileile.

Katikati ya hali hiyo ndipo alipotokea mtu aliyebadili maana ya kumfundisha mhudumu wa demensia. Tom Kitwood, msomi wa Chuo Kikuu cha Bradford aliyewahi kufundisha Uganda kabla ya kurejea kwao, hakuwa daktari. Alitumia miaka ya mwisho ya maisha yake kuwatazama watu wenye demensia wanavyotendewa, na mwaka 1992 alianzisha pamoja na Kathleen Bredin kikundi cha utafiti na mafunzo kilichojulikana kwa jina la Bradford Dementia Group. Hoja yake, aliyoikamilisha katika kitabu alichokichapisha mwaka 1997, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, ilikuwa kwamba udhaifu wa ubongo hauwezi peke yake kueleza kwa nini mgonjwa mmoja huporomoka haraka na mwingine hudumu akiwa na utulivu, kwa sababu sehemu ya kuporomoka huko husababishwa na mambo yanayofanywa na watu walio karibu naye. Aliyaorodhesha mambo 17, yakiwemo kumdanganya mzee ili atii, kumharakisha kupita uwezo wake, kumsemesha kama mtoto mchanga, kuzungumza juu yake mbele yake kana kwamba hayupo, na kumpa jina la ugonjwa badala ya jina lake, na alisisitiza kwamba kwa kawaida mambo hayo hayatokani na ukatili bali na mazoea ambayo hakuna aliyewahi kuyatilia shaka.

Dhana aliyoiweka katikati ya mafundisho yake ni ile ambayo msomaji wa Kiswahili huitambua bila kuhitaji tafsiri ndefu, yaani utu. Kitwood aliona kwamba utu wa mtu si mali iliyofungiwa ndani ya kumbukumbu yake hata iondoke kumbukumbu inapoondoka. Ni hadhi ambayo mtu huipata na kuishikilia katika mahusiano na wenzake, kwa hiyo wenzake wanaweza kuilinda hata pale ambapo yeye mwenyewe hawezi tena kujieleza. Wale waliokulia katika usemi kwamba mtu ni watu wataona kwamba hoja iliyowashangaza wasomi wa Ulaya mwishoni mwa karne ya 20 ilikuwa imekaa muda mrefu katika lugha nyingine, ingawa ni haki kusema kwamba Kitwood alifanya jambo ambalo usemi peke yake haufanyi: aliigeuza kuwa mbinu ya kazi inayoweza kuchunguzwa na kufundishwa. Mbinu hiyo iliitwa uchoraji ramani wa matunzo ya demensia, na ndani yake mtazamaji aliyefunzwa huketi katika sebule ya makao kwa saa kadhaa, mara nyingi hadi 6, akiandika kila baada ya dakika 5 kile ambacho kila mkazi anafanya na hali ya moyo inayoonekana kwake, kisha huwarudishia wahudumu picha ya siku yao wenyewe ili waijadili pamoja. Somo hili lilihitaji muda, mwalimu na mazungumzo, vitu vitatu ambavyo soko la makao halikuwa navyo kwa wingi.

Njia ambayo dola iliichagua ilikuwa nyingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 Uingereza ilijenga mfumo wa vyeti vya ufundi ambavyo mfanyakazi alivipata kwa kuonyesha stadi zilizoorodheshwa akiwa kazini, na viwango vya taifa vilivyoanza kutumika mwaka 2002 vilitaka nusu ya wahudumu wa kila makao wawe na cheti cha ngazi ya pili ifikapo mwaka 2005. Mfumo huo ulistahili kusifiwa kwa sababu ulikuwa wa kwanza kutamka kwamba mhudumu wa kawaida, mwanamke wa makamo aliyelipwa mshahara wa chini, alistahili cheti kama muuguzi. Udhaifu wake ulikuwa kwamba ulihesabu matendo, na sehemu kubwa ya kazi ya demensia haionekani katika tendo. Kumvisha mzee shati ni tendo linaloweza kuwekewa alama kwenye fomu, lakini kutambua kwamba mzee huyo anakataa shati kwa sababu anadhani bado ni saa 9 za usiku, na kumsubiri, ni uelewa ambao fomu haikuwa na kisanduku chake.

Uthibitisho kwamba uelewa huo ungeweza kufundishwa, na kwamba ungebadilisha tiba yenyewe, ulitolewa mwaka 2006 na Jane Fossey na wenzake katika jarida la BMJ. Katika makao 12 yenye wauguzi, nusu yao ilipewa mkufunzi aliyefanya kazi na wahudumu kwa miezi 10, akiwafundisha kutafuta sababu ya ghadhabu au mahangaiko ya mkazi kabla ya kuomba dawa, na mwishoni asilimia 23 ya wakazi wa makao hayo walikuwa wakitumia dawa za kutuliza saikosi, ikilinganishwa na asilimia 42 katika makao ambayo hayakupata mkufunzi. Dawa hizo zilitengenezwa kwa ajili ya magonjwa makali ya akili kama skizofrenia, lakini zilikuwa zimezoeleka kutumiwa kuwatuliza wazee wenye demensia. Ripoti ya Profesa Sube Banerjee ya mwaka 2009 iliyoandikwa kwa ombi la serikali ilikadiria kwamba watu wapatao 180,000 wenye demensia walikuwa wakipewa dawa hizo kwa mwaka, kwamba wasiozidi 36,000 kati yao walinufaika nazo, na kwamba zilichangia vifo vya ziada 1,800. Mkakati wa taifa wa demensia uliotolewa mwaka huohuo uliweka mafunzo ya watumishi kuwa mojawapo ya malengo yake 17, na kuanzia hapo haikuwezekana tena kudai kwamba kumfundisha mhudumu ni hisani.

Tatizo lilikuwa namna. Mkufunzi wa miezi 10 katika kila makao ni gharama, na makao yalikuwa maelfu. Wahudumu nao hawakukaa: katika muongo wa 2010 takribani mmoja kati ya watatu aliacha kazi yake kila mwaka, kwa hiyo mwenye makao aliyelipia kozi ya ana kwa ana mwezi wa kwanza aliweza kuona nusu ya wanafunzi wake wameondoka kabla ya miaka miwili kwisha. Kompyuta ilijibu matatizo yote mawili kwa wakati mmoja, kwani somo lililotengenezwa mara moja lingeweza kurudiwa na kila mgeni bila gharama mpya, lingeweza kusomwa na mhudumu wa zamu ya usiku ambaye hakuna mwalimu angemfuata, na mfumo ungetunza wenyewe kumbukumbu ya nani amemaliza nini, jambo lililompendeza kila aliyetarajia kutembelewa na wakaguzi. Taasisi ya kuboresha huduma za jamii, SCIE, ilitengeneza programu ya bure ya demensia kwa intaneti, na mwaka 2013 Kituo cha Wicking cha Chuo Kikuu cha Tasmania, Australia, kilianzisha kozi huria kuhusu demensia ambayo mtu yeyote mwenye intaneti aliweza kujiandikisha bila ada, ikawavuta wanafunzi kutoka nchi nyingi, wakiwemo wahudumu wengi ambao hawakuwahi kukanyaga chuo kikuu. Mwaka 2016 shirika la Alzheimer's Research UK likatoa filamu za uhalisia pepe, yaani picha zinazomzunguka mtazamaji zinapotazamwa kupitia simu iliyowekwa katika miwani ya karatasi ngumu, ili mtu aone duka, barabara na nyumba kama anavyoviona mtu mwenye demensia.

Ni kosa kuzidharau kazi hizi. Kozi ya Tasmania ilieleza ubongo, ugonjwa na mtu kwa mpangilio ambao wahudumu wengi hawakuwahi kupewa na yeyote, na mhudumu anayesoma Kiingereza polepole hufaidika na video anayoweza kuisimamisha na kuirudia kuliko darasa linalomwacha nyuma. Lakini sehemu kubwa ya mafunzo yaliyonunuliwa na makao haikuwa ya kiwango hicho: ilikuwa kurasa za maandishi zenye picha, maswali machache ya kuchagua jibu, na cheti kilichochapishwa mara tu alama za kutosha zilipopatikana. Mwaka 2017 Claire Surr wa Leeds na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti za mafunzo ya demensia kwa watumishi wa afya na huduma za jamii, wakahitimisha kwamba mafunzo yenye matokeo ni yale yanayohusiana na kazi halisi ya mwanafunzi, yanayomshirikisha ana kwa ana, yanayoongozwa na mkufunzi mzoefu, yenye jumla ya saa zisizopungua 8 na vipindi visivyopungua dakika 90. Saa hizo 8 ndizo hasa ambazo skrini ilikuwa imenunuliwa ili zisitolewe.

Swali la nani anailipia saa lilijitokeza pia katika hesabu za mishahara. Mwaka 2013 mamlaka ya kodi ya Uingereza ilipowachunguza waajiri wa huduma za jamii iligundua kwamba karibu nusu yao hawakuwa wakifuata kikamilifu sheria ya kima cha chini cha mshahara, na mojawapo ya sababu ilikuwa muda wa mafunzo usiolipwa. Kabla ya intaneti, mafunzo yasiyolipwa yalikuwa na dalili, kwa kuwa mtu aliitwa darasani siku yake ya mapumziko na kila mtu alijua. Baada ya intaneti, kozi ilifanyika jikoni kwa mhudumu usiku, watoto wakiwa wamelala, na saa yake ikapotea bila kuonekana popote. Hapa ndipo mtindo wa zamani wa nyumba ya kazi, wa kumchukulia anayehudumia kuwa mtu ambaye muda wake hauna thamani, uliporudi kwa mlango usiotarajiwa.

Mwaka 2018 ulileta matokeo ya jaribio kubwa lililojulikana kwa jina la WHELD, lililofanywa katika makao 69 yenye wakazi 847 waliochunguzwa, ambapo wahudumu walifundishwa kumtazama mkazi kama mtu mwenye historia, kupitia upya dawa zake na kumpatia walau saa moja kwa wiki ya mazungumzo au shughuli aliyoipenda. Hali ya maisha ya wakazi iliboreka, mahangaiko yakapungua, na gharama ikawa ndogo kuliko ya matunzo ya kawaida. Kwamba saa moja kwa wiki ilitosha kuleta tofauti ni habari njema, na pia ni ushahidi mchungu wa upungufu uliokuwepo kabla yake.

Kisha likaja janga la UVIKO-19. Kati ya Machi na Juni 2020 wakazi zaidi ya 19,000 wa makao ya Uingereza na Wales walifariki kwa vifo vilivyohusishwa na virusi hivyo, karibu nusu yao wakiwa na demensia kama ugonjwa wao mkuu wa awali, milango ikafungwa kwa ndugu na kwa wakufunzi kwa pamoja, na mafunzo ya ana kwa ana yakasimama kwa miezi mingi. Serikali iligawa maelfu ya vishikwambi kwa makao yasiyokuwa na vifaa, kwanza kwa ajili ya madaktari na familia, na vifaa hivyohivyo vikawa madarasa. Watafiti waliokuwa nyuma ya WHELD, wakiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Exeter, waliligeuza somo lao kuwa la kidijitali na kulipeleka katika makao zaidi ya 100, lakini hawakulituma somo peke yake: kila makao yalikuwa na kocha aliyezungumza na wahudumu kwa video, akasikiliza kisa cha mkazi fulani na kuwasaidia kufikiri, na hali ya maisha ya wakazi ikaboreka. Kilichosafirishwa kwa waya hapo kilikuwa mtu anayesikiliza, na pengine ndiyo maana kilifanya kazi.

Tangu Februari 2022, Uingereza ilipoufungua mpango wake wa viza ya afya kwa wahudumu wa makao, maelfu waliingia kutoka Zimbabwe, Nigeria, India na nchi nyingine, na miongoni mwao walikuwemo Waafrika Mashariki, ambao baadhi yao walitoka Kenya, nchi iliyokuwa imetiliana na Uingereza mkataba wa watumishi wa afya mwaka 2021. Wengi wa wageni hawa walikutana na neno demensia kwa mara ya kwanza kama somo kwenye skrini, ilhali walikuwa wamewahi kumtunza bibi au babu mwenye hali hiyo nyumbani, ambako hali hiyo iliitwa kusahau au utoto wa uzeeni. Ujuzi huo haukuulizwa na kozi yoyote. Kuna jambo moja ambalo ungewasaidia sana kulielewa, nalo ni kwamba mtu mwenye demensia aliyehamia nchi nyingine mara nyingi hupoteza kwanza lugha aliyojifunza ukubwani na kurejea katika lugha ya utotoni, kwa hiyo mhudumu anayejua maana ya kuishi kati ya lugha mbili ana kitu cha kumpa ambacho hakimo katika mtihani wa kuchagua jibu. Mlango huo wa viza ulifungwa kwa wahudumu wapya wa kutoka ng'ambo Julai 2025.

Sheria ya Afya na Matunzo ya mwaka 2022 iliwalazimisha watoa huduma kuwafunza watumishi wao kuhusu ulemavu wa kujifunza na usonji, na haikuweka sharti la namna hiyo kwa demensia, ingawa wenye demensia ndio wengi zaidi katika makao ya wazee. Demensia ilibaki ndani ya Cheti cha Matunzo, kifurushi kilichoanzishwa Aprili 2015 kikiwa na viwango 15 baada ya ripoti ya Camilla Cavendish, ambamo kwa miaka mingi iligawana kiwango kimoja na afya ya akili pamoja na ulemavu wa kujifunza. Kwa miaka mingi cheti hicho hakikuwa sifa rasmi ya elimu, kwa hivyo mhudumu aliyehama kutoka makao moja kwenda mengine mara nyingi alirudishwa mwanzo na kubofya kurasa zilezile, na ni mwaka 2024 tu ndipo toleo la ngazi ya pili lilipoanzishwa ili mtu aweze kulibeba popote aendapo. Maelezo ya cheti yanaruhusu maarifa kupimwa kwa kompyuta. Utendaji hauruhusiwi kupimwa hivyo: lazima mtu mwenye ujuzi amtazame mhudumu akiwa na mkazi halisi, katika makao halisi, na muda wa mtu huyo kusimama hapo na kutazama bado haujatengewa fungu lake katika ada za makao mengi.